Kopo la bibi na swali la hela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua yangu ni ndefu ila ukiamua kukata tafadhali usikate katikati, mara ya mwisho mliniondolea kipande cha katikati watu mtaani wakaniuliza hivi ulikuwa unamtetea nani.

Wiki iliyopita kuna msomaji mwenzetu kaandika kwamba serikali si ndiyo yenye hela, basi ichapishe za kutosha kila kaya ipewe milioni mbili umaskini uishe. Watu kibandani kwangu wamemsifia sana. Mie ni wakala wa hela za simu hapa Tabora, kutwa nzima nashika hela za wenzangu, kwa hiyo mijadala ya hela inaanzia kwangu na mara nyingi inaishia kwa ugomvi. Nikasema hapana, huyu ndugu lazima nimjibu, ila nianze na kopo la bibi maana bila hilo kopo hata mie ningempigia makofi.

Bibi yetu mzaa mama alifariki mwaka 2025 mwezi wa sita. Alikuwa muuza asali na nta, kazi aliyoianza kabla mama yangu hajazaliwa. Siku ya arobaini wanawake wakafungua sanduku lake la bati lililokuwa chini ya kitanda wagawane kanga, na ndani ya kanga kulikuwa na kopo la Blue Band limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ndani ya kopo, hela. Tukahesabu pale pale kwenye mkeka, noti za elfu kumi 12, za elfu tano 30, za elfu moja 58, za mia tano 24, na mia mbili kumi zenye sura ya Mzee Mwinyi. Jumla 342,000. Mjomba alishaanza kugawa mirathi kichwani unamwona kabisa midomo inacheza.

Mie ndo niliyeziangalia vizuri nikanyamaza. Zote za zamani, hakuna hata moja ya toleo la sasa. Benki Kuu ilishatangaza kwamba noti zilizotoka kati ya mwaka 1985 na 2003 za shilingi 20 na 200 na kuendelea mpaka elfu kumi, pamoja na ile ya mia tano ya 2010, zirudishwe benki zibadilishwe kuanzia Januari 6 mpaka Aprili 5, 2025, na baada ya hapo siyo hela tena. Sisi tumefungua kopo mwezi wa saba. Tukaenda benki hivyo hivyo, dada wa dirishani akazigeuza geuza akatuangalia kwa huruma kama ametuletea msiba wa pili, akasema jamani muda umepita.

Na kinachoniuma ni kwamba mwezi wa pili nilimuuliza mwenyewe, bibi una hela za zamani nikubadilishie? Akaniambia mjukuu wangu mie nina hela gani, hela mnazo nyie mnaoshinda na simu. Hakuwa mwongo wa kubobea jamani, alikuwa anaficha tu kama wazee wote wanavyoficha, na nilishawahi kumwambia weka kwenye simu akanijibu namba siwezi kuzishika, mie nataka hela ninayoishika.

Sasa Mhariri fikiria na mie. Noti ya elfu kumi ya bibi ina tembo. Noti ya elfu kumi niliyonayo kwenye droo leo ina tembo. Ya elfu tano ina faru, na hii ya leo ina faru. Karatasi nzuri, uzi upo, haijachanika hata pembe maana bibi alikuwa anazitunza kuliko alivyojitunza. Hii moja inanunua kilo kadhaa za mchele, hii nyingine haimnunulii mtoto pipi. Kama thamani ingekuwa kwenye karatasi basi zingekuwa sawa. Kwa hiyo thamani haiko kwenye karatasi, iko mahali pengine, na huko mahali pengine ndo ninapotaka tufike na huyu ndugu wa milioni mbili.

Binamu yangu anayeendesha fuso yeye ana jibu fupi, anasema hela ni amri ya serikali, serikali ikisema hela ni hela, ikisema siyo basi siyo. Na ushahidi wa Kenya anao, Juni 1, 2019 gavana wao Patrick Njoroge alitangaza noti mpya na kwamba noti ya elfu moja ya zamani mwisho wake ni Oktoba 1, watu wakakimbizana na mabenki, na mwisho wa siku noti 7,386,000 hazikurudi. Hizo ni shilingi zao bilioni saba na ushee zilizobaki kwenye magodoro na makopo ya watu ambao ama hawakusikia ama waliogopa kuulizwa wamezipata wapi. Zikafa. Sawa, hapo binamu yuko sahihi.

Ila nikamuuliza, na Somalia je? Serikali ilianguka 1991, benki kuu yao ikawa hakuna, gavana hakuna, hakuna wa kutoa amri wala wa kuipokea, na shilingi ya Somalia ikaendelea kununua unga na nyama ya ngamia miaka na miaka. Tena ikafika mahali wenye mitambo yao wakawa wanachapisha za bandia, watu wanajua kabisa ni za bandia na wanazipokea, na thamani ya noti ikashuka mpaka ikawa karibu sawa na gharama ya kuichapisha, ikatulia hapo. Serikali haikuwepo lakini hela ilikuwepo. Mwenye duka anaipokea kwa sababu anajua muuza ngamia ataipokea, na muuza ngamia anaipokea kwa sababu anamjua mwenye duka. Basi, hakuna kingine.

Halafu kuna ya jirani zetu wa Kongo, hii ndo kiboko. Mwishoni mwa 1992 serikali ya rais Mobutu ilitoa noti ya zaire milioni tano, zaire ndo ilikuwa hela yao. Serikali ipo, jeshi lipo, noti imetoka mtamboni inanukia wino. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi ambaye walikuwa hawaivi na Mobutu akasema hiyo siyo hela msiipokee, na wafanyabiashara hawakuipokea. Januari 1993 wanajeshi wakalipwa mishahara kwa noti hizo, wakaenda nazo madukani wakakataliwa, wakaanza kupora Kinshasa, watu wengi wakafa na hata balozi wa Ufaransa aliuawa. Baadaye mwaka huo huo wakaleta zaire mpya, moja ya mpya kwa milioni tatu za zamani, na kule Kasai wakaikataa wakaendelea kutumia zile zilizochakaa, na zile zilizochakaa zikashikilia thamani kuliko mpya. Mwanajeshi ana bunduki, ana noti ya rais, na mama wa dukani anamwambia hiyo hapana. Binamu alinyamaza kidogo akasema basi wee unajua sana, akawasha gari.

Mie sijui sana, ila kazi yangu imenifundisha kitu ambacho sidhani ningekiona nikiwa nauza viatu. Asubuhi nafungua na mtaji wa milioni mbili, tuseme laki nane taslimu kwenye droo na milioni moja na laki mbili floti kwenye simu. Mteja akija kuweka, droo inajaa na floti inapungua, akija kutoa, floti inapanda na droo inakauka. Mtaji wangu haujaongezeka wala haujapungua, ni milioni mbili zile zile, zimehama tu kutoka kuwa karatasi zikawa namba, kisha zimerudi. Msimu wa malipo ya tumbaku ndo balaa, wakulima wanalipwa kwa siku chache wote wanataka kutoa, saa tano asubuhi droo nyeupe, kwenye simu nina milioni mbili kasoro na mzee wa watu amesimama dirishani ananifokea wewe wakala gani huna hela. Nina hela mzee. Sina karatasi. Yeye haoni tofauti, na kusema kweli kwake haipo kwa sababu anakonunua mbolea ya rejareja hawapokei simu.

Na hizo namba zenyewe ni nini? Ni daftari. Kama daftari la madeni la mangi mwenye duka hapa mtaani. Mwalimu anadaiwa na mangi elfu tano ya sukari na mafuta, mangi anadaiwa na kijana wa bodaboda elfu tano ya kumbebea mzigo, siku moja mangi kamwambia kijana kachukue kwa mwalimu mwisho wa mwezi, kijana naye kamwambia fundi wake wa pikipiki kachukue kwa mwalimu. Ikafika mwisho wa mwezi fundi ambaye hajawahi kumuuzia mwalimu kitu yupo mlangoni kwa mwalimu anadai. Mwalimu alishangaa, ila alilipa. Lile deni lilitembea mikono mitatu bila hela kuonekana, maana deni lenyewe ndo lilikuwa hela, na lilitembea kwa sababu wote wanajua mwalimu ana mshahara na hawezi kulala na deni la mtu. Ingekuwa deni langu mie sidhani kama fundi angelipokea.

Noti nayo ni hivyo hivyo. Kwenye vitabu vya Benki Kuu hizi noti tunazotembea nazo zinaandikwa upande wa madeni, siyo upande wa mali. Ukiwa na msimbazi, noti ya elfu kumi, mfukoni, wewe una dai. Bibi alikuwa ameficha kopo la madai, na madai yana tarehe.

Sisi watu wa Tabora tungekuwa wa kwanza kuelewa haya maana hela zimepita hapa za kila namna. Zamani za misafara hapa Unyanyembe hela ilikuwa jembe la chuma, ilikuwa nguo, merikani na kaniki zinapimwa kwa shuka na doti, shuka mikono minne, doti mikono minane, ilikuwa ushanga. Na ushanga una maringo kuliko noti, nchi hii wanataka mwekundu wa samisami, ukitembea siku chache mbele wanataka rangi nyingine kabisa, msafara ukifika na rangi wasiyoitaka wenyeji basi wapagazi wamebeba mawe tu. Buganda walikuwa na simbi, hizi kauri za baharini, na mpaka leo Mganda hela anaiita ensimbi ingawa simbi hazinunui kitu. Sisi wenyewe tunasema fedha, neno la madini, na tunashika karatasi. Tunasema hela, hilo la Mjerumani, mwaka 1904 aliigawa rupia yake kwa hela 100 badala ya pesa 64 za mwanzo, mwenyewe kaondoka sarafu zake zimeondoka lakini jina tumebaki nalo mdomoni miaka mia na zaidi.

Na huyo Mjerumani ndiye aliyetuonyesha njia nyingine ya kuipa hela thamani. Unawaletea watu rupia wasiyoihitaji, wana ng'ombe wao, wana majembe, wana asali, waifanyie nini? Akaweka kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia tatu, na lazima watu wazitafute. Ndo babu zetu Wanyamwezi wakateremka kwa miguu mpaka mashamba ya mkonge Tanga, kutafuta kisarafu ambacho kazi yake ya kwanza ni kumrudishia yule yule aliyekitengeneza. Mimi hilo nikilifikiria nacheka kwa hasira. Ila ndivyo ilivyo mpaka leo, shilingi hata uichukie vipi, ada ya leseni na kodi ya kibanda utalipa kwa shilingi, kwa hiyo kuna mtu mmoja mkubwa ambaye kila siku anaihitaji, na hiyo peke yake inaipa mguu wa kusimama. Binamu hapo nampa nusu ya haki yake.

Halafu vita ya kwanza ya dunia ikaja, meli zao haziwezi kuleta sarafu, wakatengeneza za kwao hapa hapa Tabora mwaka 1916, hela 20 za shaba, na zile za dhahabu za rupia 15 zenye tembo na mlima nyuma yake, dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Mwezi wa tisa Wabelgiji wakaingia mji mwisho wa habari. Zile za dhahabu leo wakusanyaji wa Ulaya wanazigombania, kwa sababu ni dhahabu na ni chache, siyo kwa sababu ni rupia, hakuna mtu duniani utamlipa rupia 15 akakurudishia chenji. Wale wanaosema tungerudi kwenye dhahabu ndo hela ya kweli, haya, hiyo hapo, kitu kimebaki na thamani baada ya kuacha kuwa hela. Ni mambo mawili.

Sasa tuje kwa ndugu yangu wa milioni mbili. Mtaani kwetu kuna mama ntilie anapika sahani arobaini za wali mchana, siyo arobaini na moja. Bei elfu mbili. Kesho asubuhi serikali inatuamsha kila mtu ana milioni mbili. Saa saba mchana tutakuwa watu mia na hamsini kwenye benchi la mama ntilie, kila mmoja na kitita, sahani ni arobaini zile zile. Unadhani sahani itakuwa elfu mbili? Na mama ntilie mwenyewe kapewa milioni mbili, pengine leo hapiki kabisa. Mchele haukuchapishwa. Zimbabwe walifika Januari 2009 wanatoa noti ya dola trilioni mia moja, sifuri kumi na nne, na watu wenye hizo trilioni walikuwa wanatafuta mkate.

Wala tusiende mbali, waulize wazazi. Mama mkubwa anasimulia miaka ya mwanzo ya themanini hela mtu anayo lakini sabuni hakuna, wanafulia majani ya mpapai, sukari kwa foleni na jina lako liwe kwenye orodha, na ukisikia duka la ushirika limeletewa mzigo unakimbia kwenda kupanga mstari kabla hujajua ni mzigo wa nini, unafika wanagawa betri za redio na wewe huna redio lakini unanunua, utabadilishana na mwenye chumvi. Hapo hela ilikuwa ile ile ya Benki Kuu yetu iliyofunguliwa Juni 1966, ambayo mwanzo dola moja ilikuwa shilingi saba na senti kumi na nne hivi, leo unaambiwa elfu mbili na kitu. Hela bila mzigo dukani ni tiketi ya basi ambalo halijaja.

Nadhani ndo maana bibi alikuwa anaficha, na hapa namtetea. Yeye aliishi wakati hela haina kitu cha kununua, kwa hiyo akazoea kuikalia isubiri siku vitu vitakapokuja. Vitu vilikuja, mbona madukani vimejaa, yeye akaendelea kusubiri. Zile mia mbili za Mzee Mwinyi alipoziweka zilikuwa zinanunua kitu cha maana, zilikuwa zimeshakufa muda mrefu kabla ya hiyo Aprili 5, zilikuwa zinakufa kidogo kidogo ndani ya kopo kila mwaka bei zikipanda, na hakuna redio iliyotangaza. Asali aliyoiuza kupata hizo hela ingekaa kwenye kibuyu mpaka leo isingeharibika, hilo nalo mjomba alilisema kwa uchungu sana siku tunarudi benki.

Noti zenyewe wamepewa watoto. Wanacheza duka nyuma ya nyumba, vizibo vya soda ndo bidhaa, na nimewasikiliza wana sheria zao, elfu kumi ni vizibo vitano, zile za faru vitatu, sijui hesabu gani hiyo lakini wote wanaijua. Juzi wa kwa jirani kaleta karatasi kaichora mwenyewe tembo wa kalamu, wamemkatalia kabisa, kalia mpaka nikatoka nje. Kesho yake kaleta embe mbili na noti yake ile ile, wakaipokea.

Mama mkubwa alibakiza mbili za elfu kumi kazitia kwenye Kurani yake ya zamani. Kasema nikiandika gazetini nimuulizie Mhariri kama kuna siku watafungua tena dirisha la kubadilisha hata kwa wiki moja. Nimemwambia tarehe imeshapita mama, lakini nimetumwa na nimeuliza.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Wakala, njia ya stesheni, Tabora